Zero 2 W, Pi 5, BeagleBone au Orange Pi: ipi itahimili pwani ya Pemba?

Sanduku la kompyuta yangu ndogo ya bodi moja nililifungua mwezi wa Juni, masika yameshakwisha na upepo wa kusi umeanza. Sisimizi walikuwa wamehamia na mayai yao chini ya bodi, na tundu la USB limeota kutu ya kijani. Nikaipangusa bodi kwa spiriti na mswaki, nikaipa umeme, ikawaka kana kwamba siku zote ilikuwa kabatini. Kilichokufa ni kadi ya memori. Miezi mitatu ya vipimo vya joto la maji kwenye mashamba ya mwani, pwani ya Micheweni, ilikwenda na kadi niliyoinunua kwa kubania shilingi elfu chache.

Tangu hapo mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya bodi moja kwa kazi ya nje, kasi ya prosesa naiweka mwisho. Kwanza nataka kujua umeme utatoka wapi, na ukikatika saa nane za usiku nini kitaharibika. Hapo ndipo bodi hizi zinapoachana, na ndipo matangazo ya wauzaji yanaponyamaza.

Nalinganisha nne. Raspberry Pi Zero 2 W ilitoka Oktoba 2021 kwa dola 15, haifiki nusu ya kadi ya benki kwa eneo, ina kori nne za GHz 1 na RAM ya MB 512. Raspberry Pi 5 ilitoka Oktoba 2023, nayo ni kompyuta ya mezani iliyobanwa kwenye kiganja: kori nne za GHz 2.4. BeagleBone Black ndiyo mkongwe wao, ya mwaka 2013, kori moja ya GHz 1 na RAM ya MB 512. Orange Pi Zero 3 inatoka Shenzhen, ina kori nne na RAM kuanzia GB 1 hadi 4. Zote nne zinaendesha Linux, tena zote zinaweza kukupa toleo lake la Debian, kwa hiyo ukishaingia ndani kwa SSH, yaani kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, hutahisi tofauti kubwa. Tofauti iko kwingine:

| | Zero 2 W | Pi 5 | BeagleBone Black | Orange Pi Zero 3 |
|---|---|---|---|---|
| Umeme ikiwa imetulia | wati 0.6 hivi | wati 3 hivi | wati 1 hadi 1.5 | wati 1 hadi 1.5 |
| Mfumo unakaa wapi | kadi | kadi, au diski kwa kibodi (bodi ndogo) cha ziada | chipu iliyochomelewa, GB 4 | kadi |
| Saa yenye betri | hakuna | ipo, betri unanunua mbali | hakuna | hakuna |
| Pini za analogi | hakuna | hakuna | 7 | hakuna |
| Mtandao | wifi | wifi na waya | waya | wifi na waya |

Hesabu ya betri

Tuchukue betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7, ile ndogo nyeusi inayokaa ndani ya UPS. Kwa karatasi ina Wh 84 (wati-saa, yaani wati mara saa). Ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, basi mkononi una Wh 42 tu.

Pi 5 yenye vihisi na modemu ya simu naihesabia wati 4. Ukiiwasha magharibi, betri inafika nusu baada ya saa kumi na nusu, yaani karibu na adhana ya alfajiri, na hapo hujatoa kinachopotea kwenye kibadilisha volti. Zero 2 W yenye mzigo huohuo naihesabia wati 1: Wh 24 kwa siku, haifikishi siku mbili bila jua. BeagleBone na Orange Pi ziko hapo karibu, ovyo kidogo kuliko Zero.

Mtu atasema, si tunayo sola? Tunayo. Paneli ya wati 20 siku ya kaskazi inakupa mpaka unaitukana kwa kuringa. Lakini Pemba hii ya masika, wingu linakaa juu ya mikarafuu siku tatu nne halisogei, na paneli hiyohiyo mimi naihesabia robo tu ya inachotoa siku nzuri. Mradi unaokufa unakufa wakati huo, na mara nyingi ndio wakati uliotaka vipimo kuliko wakati wowote.

Sasa hapa kuna jambo lililonishangaza mwenyewe. Pi 5, mlafi wa kundi, inajua kulala. Ina saa yake ndani, na inaweza kujizima kabisa kisha ikajiamsha kwa kengele. Lakini haitoki kiwandani hivyo: ukiizima tu kwa kawaida inaendelea kunyonya zaidi ya wati 1, ikiwa imezimwa! Lazima uingie kwa `sudo rpi-eeprom-config -e` uandike `POWER_OFF_ON_HALT=1` na `WAKE_ON_GPIO=0`, ndipo inashuka hadi sehemu ndogo sana ya wati. Halafu kabla ya kujizima programu yako inaandika sekunde za kulala, zikitanguliwa na alama ya `+`, kwenye `/sys/class/rtc/rtc0/wakealarm`. Ikiamka dakika tatu kila nusu saa, hiyo ni saa 2 na dakika 24 za kazi kwa siku. Mara wati 4, ongeza usingizi, unapata Wh 11 hivi. Bodi kubwa inayolala inakula chini ya nusu ya bodi ndogo inayokesha.

Zero 2 W haina uwezo huo peke yake. Utaiongezea kibodi cha kusimamia umeme, kama Witty Pi, chenye saa yake na kinachokata umeme kabisa na kuurudisha kwa ratiba. Ukifanya hivyo hesabu inakuwa nyepesi mno, Wh 3 hivi kwa siku, na betri ileile inavumilia wiki mbili za mawingu. Hii ndiyo niliyoifunga mara ya pili kule Micheweni.

BeagleBone ina kitu chake: kwenye bodi kuna vituo vinne vya kuchomelea betri ya lithiamu ya seli moja, na chipu ya umeme inajua kuichaji. Ni betri ya kuipa nafasi ya kujizima kwa adabu umeme ukikatika, usiitarajie iendeshe mradi wiki nzima. Orange Pi kwa upande huu haina la kusimulia. Kama unataka ilale, tafuta swichi ya nje.

Saa iliyolala

Mwaka wa kwanza nilipuuza suala la saa. Nilikuwa na Zero juu ya mti wa gati, kihisi cha mwangwi kinapima kina cha maji na kingine kinapima joto. Nikachapisha grafu nzuri ya rangi, nikampelekea bibi mmoja mkulima wa mwani ambaye kikundi chake ndicho kilichotupa ruhusa ya kufunga vifaa. Nilimkuta barazani anafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hayo ndiyo maji yetu?"

Nikamwonesha: mstari ukishuka maji yamekupwa, ukipanda yamejaa. Akaufuata kwa kidole, polepole, mpaka akasimama pahala.

"Hapa ilikuwa siku gani?"

"Mwezi kumi na tano, bibi. Bamvua."

"Bamvua, kisha maji yapwe saa kumi alfajiri? Saa kumi bahari imejaa mpaka kwenye mikoko. Sisi tunashuka saa nne. Hiyo saa yako imelala, mwanangu."

Imelala kweli. Betri ilikata, bodi ikakaa imekufa saa sita, na umeme uliporudi hapakuwa na mtandao wa kuiuliza saa. Bodi isiyo na saa yenye betri ikiwaka namna hiyo huanza kuhesabu pale ilipohifadhi saa ya mwisho. Data yote ya baadaye ikarudi nyuma saa sita. Joto la juu kabisa la maji lilikuwa limeandikwa kabla ya jua kuchomoza, nami sikuliona, na fundi ni mimi.

Dawa ni saa ya DS3231, kipande kidogo cha bei ndogo kinachokaa kwenye pini za I2C (njia ya nyaya mbili ya kuzungumza na bodi) na betri yake ya kidonge. Haipotezi zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka. Kwenye Zero unaandika mstari mmoja, `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`, ndani ya `/boot/firmware/config.txt`. Kwenye Orange Pi yenye Armbian, Linux ya bodi kama hizi, faili ni `/boot/armbianEnv.txt`, na I2C huwa imefungwa mpaka uiwashe mwenyewe. Kwenye BeagleBone ni `/boot/uEnv.txt`. Pi 5 ina saa tayari, ila nunua ile betri yake ndogo ya kuchomeka. Watu wengi huisahau kisha wanalaumu bodi.

Kadi, na kuihadaa isiandikwe

Kwa hili BeagleBone inawashinda wenzake. Mfumo umekaa kwenye chipu iliyochomelewa juu ya bodi, kwa hiyo kadi ya memori unaiachia vipimo tu. Kadi ikifa, bodi bado inawaka, inakwambia kadi imekufa. Zilizobaki, kadi ikifa hakuna kitakachokwambia chochote.

Kwenye Pi zote mbili unaweza kuifanya kadi iwe ya kusomwa tu: ndani ya `raspi-config`, upande wa utendaji, kuna chaguo la mfumo wa faili wa tabaka (Overlay File System). Ukiliwasha, kila kinachoandikwa kinaishia kwenye RAM na kufutika bodi ikizimwa. Hapo umeme ukatike utakavyo. Vipimo vyenyewe vipelekee flashi ya USB au sehemu ya pili ya kadi, la sivyo navyo vitafutika. Nimeshafanya kosa hilo, siku nne nzima. Armbian kwa Orange Pi inakuja tayari ikiweka kumbukumbu za mfumo kwenye RAM, jambo zuri lisilohitaji uliguse.

Na kadi feki ziko, tena nyingi. Kadi imeandikwa GB 64, ndani ina 8. Kabla sijaiamini yoyote naipitisha kwenye programu ya f3: `f3write` inaijaza, `f3read` inaisoma tena, na uongo unatoka hadharani.

Kuisanidi, na nani atakayekuja baada yako

Hapa Raspberry Pi inapata alama ambazo wenzake hawazipati. Programu yake ya kuandikia kadi, Imager, inakuuliza jina, neno la siri, wifi na SSH kabla ya kuandika, na bodi ikiwaka tayari iko mtandaoni bila skrini wala kibodi ya kuchapia. Mwalimu wa skuli mwenye laptopu anaweza kuandika kadi mpya nikiwa mbali, kwa maelekezo ya simu. Nimejaribu hilo na Orange Pi, tukaishia kusubiri boti.

Tahadhari moja: maelekezo mengi mtandaoni ni ya zamani. Tangu Aprili 2022 hakuna tena mtumiaji wa kuanzia anayeitwa pi. Tangu toleo la Bookworm, Oktoba 2023, ile hila ya kuweka faili la wifi kwenye kadi haifanyi kazi, mtandao sasa unashughulikiwa na `nmcli`. Na kwenye Pi 5, maktaba kongwe ya RPi.GPIO haifanyi kazi kwa sababu pini zinaendeshwa na chipu nyingine. Tumia gpiozero au gpiod. Nimeona kijana akibadilisha nyaya usiku kucha na nyaya hazina kosa.

Kitu kingine cha kuweka kabla ya kuondoka shamba ni mlinzi wa kuiwasha upya bodi ikiganda. Kwenye `/etc/systemd/system.conf` andika `RuntimeWatchdogSec=14`; chipu ya Pi yenyewe inahesabu mpaka sekunde 15 hivi. Kisha kaa nayo nusu saa, halafu uliza `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. Ukiona `0x50000`, umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango, na mara tisa kati ya kumi mkosaji ni waya mwembamba wa chaja ya simu. Orange Pi na BeagleBone hazina amri hiyo, unabaki na mita mkononi.

Vihisi

Kihisi cha joto cha DS18B20, chenye ganda la chuma na waya wa mita kadhaa, kinafanya kazi kwenye zote kwa rezista moja ya kiloomu 4.7. Hapo hakuna mshindi.

Vya analogi, vinavyojibu kwa volti inayopanda na kushuka, kama cha unyevu wa udongo, vinaipendelea BeagleBone yenye pini saba za namna hiyo. Lakini angalia: mwisho wake ni volti 1.8. Ukizidisha unaiua bodi, wala haitoi moshi wa kukuonya. Kwa bodi nyingine tatu unaongeza chipu ya kusomea analogi, ADS1115, njia nne za biti 16, na kusema kweli kipimo chake ni kizuri kuliko cha BeagleBone cha biti 12.

Kihisi cha mwangwi ndipo Linux inapojikwaa. Sentimita moja ya umbali, kwenda na kurudi, ni maikrosekunde 58. Linux ikishughulika na jambo jingine kidogo tu, kipimo kinaruka sentimita mbili tatu. BeagleBone ina prosesa mbili ndogo za pembeni, za MHz 200, zinazohesabu bila kusumbuliwa na mfumo. Kwa kazi hii ni hodari mno, ila kuziandikia programu kunataka moyo. Mimi kwenye Zero nilichagua uvivu: napima mara 21, nachukua cha katikati. Kwa bahari inayopanda na kushuka karibu mita nne siku za bamvua, inatosha. Usisahau kuwa vihisi hivi vingi vinajibu kwa volti 5 na pini za Pi ni za 3.3, weka rezista mbili, kiloomu 1 na 2, zigawane.

Chumvi

Bodi zote nne ziko sawa mbele ya chumvi: hakuna inayoiweza. Sanduku jeupe la umeme la kufungia nje, nyaya zitokee chini, rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye viungo vilivyochomelewa (si kwenye matundu!), na grisi kwenye waya unaoingia ili sisimizi wateleze. Usiipe jua la moja kwa moja. Pi ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi.

Ningechukua ipi

Kwa mwani, karafuu, mvua, chochote kinachopimwa mara chache mbali na umeme: Zero 2 W, kibodi cha ratiba, na DS3231 kama kibodi hakina saa. Kama unapima joto peke yake kila robo saa na hutaki picha, sauti wala programu nzito, acha Linux kabisa. Chukua ESP32. Chipu hiyo ikilala inakula maikroampea chache, na betri ya tochi inaitosha miezi.

Kwa kurekodi sauti usiku, tuseme bundi wa Pemba kule Ngezi, ndege asiyepatikana kisiwa kingine chochote, Zero 2 W inaweza kurekodi, ila nafasi ndiyo tatizo: sauti ya kHz 48, biti 16, njia moja, ni MB 345 kwa saa, GB 4 na ushei kwa usiku wa saa kumi na mbili. Ukitaka bodi ichambue sauti palepale, Pi 5 inayolala mchana ndiyo yenye nguvu hiyo.

BeagleBone ningeipa kazi yenye vihisi vingi vya haraka na waya wa mtandao karibu, tuseme pampu za maji au chumba cha barafu bandarini. Orange Pi Zero 3 ni ya mtu mwenye RAM kama shida yake kubwa na mfuko kama shida ya pili, anayekaa jirani na kifaa chake.

Maktaba ya skuli isiyo na intaneti ni kesi nyingine kabisa. Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili inaingia kwenye kadi bila shida, lakini wanafunzi thelathini na simu zao wataikaba koo Zero. Weka Pi 4 au Pi 5, na hata kama skuli ina umeme wa gridi, weka betri. Umeme wetu unapita chini ya bahari: Pemba tunao kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja hawajasahau miezi ile mitatu ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wao ulipoharibika.

Ile ya Micheweni bado inafanya kazi. Kila bamvua inampelekea bibi ujumbe wa simu: maji yatakupwa saa ngapi, na jana yalipata moto nyuzi ngapi. Ujumbe wa kwanza ulisema 10:00, akanipigia kunikaripia. Ikabidi niongeze mstari mmoja wa kupunguza saa sita, sasa unasema saa nne.